TAHADHARI: Jamaa wa oil ya gia boksi hapa Mtwara mjini

Wenye gari za auto someni hii kabla hamjamfungulia mtu boneti. Kuna jamaa anazunguka asubuhi asubuhi sehemu za kuoshea magari huku Mkanaledi, ovaroli safi, dumu la oil nyekundu mkononi, mpole balaa kila mtu kwake ni braza. Anaomba akuangalizie oil bure na hapo ndo mchezo unapoanzia.

Gari imetoka kulala, oil ya baridi, anawasha anachomoa stiki ya gia boksi anakwambia ona braza haijafika kwenye HOT, unaua gia boksi hivi hivi. Sasa itafikaje na gari haijatembea hata kilomita moja? Oil ikipata moto inatanuka inapanda, ndo maana stiki ina alama ya COLD na ya HOT, na hiyo ya COLD jamaa kaiziba na kidole! Anakuuzia lita nzima elfu 30 anamimina hapo hapo.

Shemeji yangu kafanyiwa hivyo kwenye IST yake, kufika kwenye mlima wa Newala gari inavuma tu haivuti, oil ilizidi ikapigwa povu humo ndani na povu haliwezi kusukuma gia. Kumpigia simu jamaa eti gia boksi imekufa, anayo used ya laki 9. Fundi mwingine akamwaga ule uchafu akaweka oil ya T-IV, ile ya gia boksi za Toyota, kwa kipimo, gari inadunda mpaka leo.

Ukitaka kupima tembeza gari kwanza kama dakika 20, paki pa tambarare, injini usizime, kanyaga breki upitishe gia zote taratibu kutoka P mpaka L urudi P, chomoa stiki, futa, irudishe mpaka mwisho ndo uchomoe usome. Ikiwa kati ya mistari ya HOT achana nayo. Na gia boksi haichomi oil kama injini iliyochoka, ikipungua ujue inavuja, tafuta sili iliyokufa siyo kuongeza ongeza.

Halafu dumu lake halina lebo na anaweka hilo hilo mpaka kwenye CVT (zile auto za mkanda, hazina gia za hatua), wakati CVT ina oil yake kabisa, ukichanganya umeiua.

Watu wa Lindi na nyie kaeni macho, nasikia ameshaonekana Mingoyo.