Sekreteriati ya Nyawera: parantezi zangu zote zilitoka salama

Kama uko na TFC ama memwari ya kuimprime hapa Bukavu, kuko fasi moja nataka nikuonyeshe mbele ulie kama mimi. Ni ile sekreteriati publiki ndogo ya Nyawera, mlango wa bluu, haina hata bango, uliza tu papa wa fotokopi.

Memwari yangu ni juu ya ARN ya virusi, nilifuata kazi ya Kevin Weeks, profesa wa kemia kule Chapel Hill, Marekani. ARN (RNA kwa Kiingereza) ni kama uzi mmoja wa herufi za kemia, A, C, G na U, lakini haikai imenyooka, inajikunja yenyewe, herufi ya huku inaenda kushikana na ya mbali kule. Mu kompyuta, herufi zenye zimeshikana unaziandikia parantezi, zenye ziko huru unaziandikia nukta, njo unapata mistari kama ((((....)))) inakaa chini ya herufi, kila moja na yake.

Fasi ya kwanza niliendaka (jina sitaji), dada aliona ile akazani fishie imeharibika, akafuta nukta “za bure”, akageuza yote mu Times. Nikalipa, nikafungisha spirali, nafika nyumbani njo naona. TAR, zile herufi 59 za mwanzo wa ARN ya VIH (virusi ya sida), fasi proteini ya Tat inashika ili seli iendelee kunakili virusi bila kukatikia njiani, kwangu ilikuwa imegeuka pondu. Najua, ningepeleka PDF, lakini direkta alikuwa bado anakorije mu Word.

Papa wa Nyawera yeye aliuliza kwanza: “Mama, hizi alama ni za makusudi?” Ile swali tu ilinipa nguvu. Nikamueleza, akaweka Courier juu kila alama inakula nafasi sawa, akatoa paji moja ya kujaribu bila kunilipisha, tukahesabu na kidole, herufi 59 juu, alama 59 chini.

Kisha rangi, na hapa ndiyo nilikuwa naogopa zaidi. Weeks na timu yake walitoa mbinu ya SHAPE mu 2005: unatia ARN dawa yenye inajibandika sana ku herufi zenye zinachezacheza, zile zimeshikana inazipita. Mu 2009 wakaonyesha vile ARN nzima ya VIH inajikunja, herufi zaidi ya 9,000, wakati mbele watu walikuwa wanachunguza vipande vipande tu. Ku hiyo michoro nyekundu ni herufi imelegea, nyeusi ni ile imetulia, sasa ukiimprime nwari-e-bla yote inakuwa nyeusi, juri itauliza unaonyesha nini. Papa alinitolea A3 ya rangi, nyekundu ni nyekundu kweli, rangi ya machungwa pia.

Bei: nyeusi franka 100, rangi 500, A3 ndiyo inauma, 2,000, na habishani. Wakati wa kudepoze foleni inafika inje, umeme ukikatika anawasha gurupe na moshi yote inaingia ndani. Halafu flashi yangu ilirudi na virusi, ya kompyuta, siyo ya Weeks, kwa hiyo mutumie fishie ku WhatsApp. Siku ya yenga hafungui.