Gundi ya mpira ya kukunjia masikio ya mbwa: nimeitumia karibu miezi mitatu, naipa nyota 4

Mbwa wangu ni Airedale Terrier, anaitwa Kahawa, ana miezi saba kasoro wiki, tunaishi Columbus, Ohio. Naanza na hilo kwa sababu hii gundi si ya kila mbwa. Kama wako ni German Shepherd na unataka masikio yasimame, hapa hupati kitu. Hii ni kwa wenye masikio ya kukunjika, Airedale, Fox Terrier, Irish Terrier, na pia Collie na Sheltie ambao wao inainama ncha tu.

Kahawa alikuja na masikio mazuri kabisa. Meno ya utoto yalipoanza kung'oka, kwenye miezi minne hivi, nashuka jikoni asubuhi moja nakuta sikio la kushoto limepinduka nyuma mpaka ndani kunaonekana, la kulia limelala zito limegusa shavu. Nikangoja wiki mbili labda yatarudi yenyewe, wapi. Kwa Airedale, vigezo vya American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa, vinataka sikio la umbo la V, likae pembeni ya kichwa bila kuelekea jicho, na mstari wa juu wa mkunjo uwe juu ya usawa wa fuvu. Wa kwangu hakuwa na hata kimoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa plasta ya hospitali, nimeizungusha vizuri, usiku mmoja tu kaikwangua yote na ngozi ikabaki imelowa na nyekundu. Msirudie hilo. Na tafadhali msiguse supagluu, ile inapata moto ikikauka na inaunguza ngozi.

Basi nikampigia mama aliyeniuzia, mzee wa miaka mingi kwenye hawa mbwa, akasema niende na Kahawa. Nilipofika akatoa gundi ya lateksi, ile ya kubandikia vitambaa na ngozi, ya maji, ambayo ikikauka inabaki laini kama mpira. Zipo za kampuni zaidi ya moja, angalia maandishi kwenye chupa utaijua. Wakati anafanya kazi ananihadithia habari za LaRue, kijiji kidogo humu humu Ohio, ambako Walter Lingo alikuwa anazalisha Airedale na kuwauza, na ili wajulikane akaanzisha timu ya futiboli ya Kimarekani, Oorang Indians, ikacheza NFL, ligi kuu ya mchezo huo, msimu wa 1922 na wa 1923, na Jim Thorpe mwenyewe, yule mwanariadha maarufu, akiwa humo. Nimekaa Ohio miaka sita sikuwahi kusikia, na Kahawa katulia mapajani mwake kama anasikiliza yeye.

Alivyofanya ni hivi. Kwanza kanyoa manyoya ndani ya sikio na pale shavuni ncha itakapokaa, akafuta na spiriti kidogo akaacha pakauke kabisa. Alafu akakata kile kitambaa laini chenye gundi nyuma, wanachobandika watu visiginoni viatu vikiwachubua, akakikata kwa umbo la sikio lakini kidogo zaidi, akakibandika upande wa ndani ili sikio lisijikunje ovyo. Ndo ikaja gundi, tone dogo kwenye ncha na tone shavuni, akasubiri yaanze kunata, akakunja sikio pale pale mkunjo unapotakiwa, akashika kwa vidole viwili dakika kama tano huku anampa Kahawa vipande vya kuku. Akarudi nyuma akaangalia kwa mbele, yote mawili yako sawa? La kulia lilikuwa limepanda kidogo, akalibandua akarudia. Tundu la sikio liko wazi muda wote, hewa inapita, hilo alinisisitizia mara tatu.

Zamu ya kwanza ilikaa siku kumi na nane. Tangu hapo nafanya mwenyewe, na nikibandua lazima niyapumzishe siku chache kwanza. Kubandua ni mafuta ya nazi tu, unapaka, unasubiri dakika kumi, mpira unalegea unauvuta taratibu na manyoya machache. Usivute kavu kavu.

Nyota moja nimeikata kwa harufu, ukifungua chupa ni kali inapanda puani, fungueni dirisha. Pia inakauka haraka kwenye vidole na ikidondoka kwenye nguo haitoki, nina suruali ya kushuhudia. Na kuna siku alinyeshewa mvua bustanini sikumkausha vizuri, baada ya siku mbili nikinusa nasikia kitu kama maziwa yaliyochacha, kubandua nakuta ngozi imeanza kuchubuka. Iliniuma sana ile. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo akampa dawa ya kupaka, tukapumzika wiki nzima. Kwa hiyo nusa kila siku, kweli kila siku, na akianza kukwangua upande mmoja usisubiri.

Mama yangu yuko Moshi, kamwona Kahawa kwenye simu akashtuka, "Mbona umemfunga masikio, kakosa nini?" Nikamwambia mama hajafungwa, yamebandikwa tu, hakuna kisu wala sindano, gegedu bado laini inazoeshwa mahali pake mpaka meno yaishe kuota. Na kama humpeleki mbwa kwenye maonyesho unaweza kuacha, sikio lisilokunjika vizuri linasikia vile vile. Mimi nilitaka kwa sababu ni uso wake, aliozaliwa nao, nikatamani akue nao.

Meno yote makubwa yameshatoka sasa. Jumapili iliyopita nilibandua ya mwisho, nikamwita kutoka mlangoni, akageuka, yakasimama kidogo yakakunjika yenyewe juu ya fuvu, yote mawili. Leo siku ya tano bado yapo hivyo. Chupa imebaki nusu, naiweka kabatini mpaka afike miezi minane.