TP-Link TL-SG105: miezi saba nayo nyumbani

Wadau, hii swichi ya mtandao, kile kiboksi cha kugawa neti ya waya kwenye vifaa vingi, ninayo miezi saba sasa hapa Tabata na haijanisumbua hata siku moja. Bodi ni ya chuma, haina feni kwa hiyo ipo kimya nyuma ya tivii, na umeme inakula kidogo, nimeichomeka kwenye UPS ndogo (betri ya akiba) pamoja na rauta hata umeme ukikatika tunaendelea.

Kilichofanya niinunue ni hivi, tunalipia faiba ya Mbps 200, simu ikiwa karibu na rauta napata 180 na kitu ila kompyuta ya chumbani yenye waya inakwama 94. Asubuhi 94, usiku wa manane 94, nikapiga huduma kwa wateja wakasema nizime rauta niwashe, nimezima mpaka nimechoka. Kumbe hiyo namba yenyewe ndo jibu jamani, mtandao mbovu unayumba, hauwezi kuganda sehemu moja siku zote, ukiona 94 au 95 haipandi haishuki jua kuna kitu njiani kinapitisha Mbps 100 badala ya 1000. Nikachomeka laptop moja kwa moja kwenye rauta, 190. Nikapitisha kwenye swichi yangu ya zamani, 94. Mchawi nikamjua, swichi ya zamani ni ya 100.

Kariakoo kuweni makini sana maana majina ya swichi za TP-Link yanafanana, LS1005 ni ya 100, LS1005G ndo giga, yaani ya 1000, herufi moja tu hiyo. Muuzaji akikwambia zote sawa tu usiondoke mpaka uone kwa macho yako kwenye boksi 10/100/1000.

Sasa nimerudi nimefunga SG105, sebuleni safi, chumbani bado 94! Aisee niliumia. Nikakata kichwa cha waya nikaangalia, fundi aliyetupitishia alibana nyaya nne tu, za bluu na za kahawia amezikunja nyuma ndani ya ganda. Nne zinatosha 100 lakini giga inataka zote nane. Jirani ana koleo la kubania akaja tukapanga upya, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, na upande wa pili hivyo hivyo, tukachomeka ikasoma 191. Yani kabla hujatoa hela yako kagua vichwa vya waya kwanza, pande zote mbili.

Poti zipo tano ila moja inakuja kutoka kwenye rauta, zinabaki nne, kwangu tivii, pleistesheni, kompyuta na printa zimejaa tayari. Mwenye vitu vingi achukue TL-SG108 yenye nane. Na kama una kamera zinazopokea umeme kwa waya huo huo wa neti, hii haitoi umeme, hapo ulizia TL-SG1005P.