Paneli ya Mbele au Kivinjari: Njia Mbili za Kuifikia Prosesa ya Huduma

Katika seva za IBM Power, prosesa ya huduma, yaani kompyuta ndogo inayoichunguza seva hata kabla mfumo endeshi haujawaka, hufikiwa kwa paneli ya udhibiti iliyo mbele ya mashine au kwa ASMI, kiolesura kinachofunguliwa katika kivinjari. Paneli haihitaji mtandao: fundi huchagua namba ya kazi kwa vitufe, ambapo kazi ya 11 humwonyesha msimbo wa hitilafu na ya 30 humpa anwani ya IP ya prosesa hiyo, ambayo ataihitaji ili aifungue ASMI yenyewe. Kasoro yake ni kioo kidogo kisichoeleza maana ya msimbo. ASMI hudai nenosiri, lakini huonyesha kumbukumbu za hitilafu kwa kirefu, na hupatikana ilimradi seva imeunganishwa na umeme, hata ikiwa haijawashwa. Kwa uchunguzi wa kina ningechagua ASMI bila kusita. Hata hivyo, prosesa ya huduma ikigoma kujibu kivinjari, kimbilio ni kazi ya 43 ya paneli, inayolazimisha nakala ya hali ya prosesa hiyo ihifadhiwe kwa uchunguzi.