Mafuta ya mwarobaini kwenye minazi yangu: dawa sawa, lakini yule muuzaji!

Mimi si mtu wa kuandika maoni ya bidhaa, ila hili limenikaa kooni tangu kabla ya masika.

Nina minazi saba Kigamboni, aliipanda marehemu baba. Chonga, wale mbawakawa wanaotoboa minazi, wakaivamia. Kuti changa likifunguka unalikuta limekatwa pembetatu, kama mtu kapitisha mkasi. Nikaenda duka moja la pembejeo Kariakoo, nikauziwa mafuta ya mwarobaini. Kijana wa dukani akanieleza kwa madaha: Marekani misonobari inalindwa kwa verbenoni, harufu iliyomo hata kwenye rozimeri. Mbawakawa wa magome wakiinusa wanaona mti umeshajaa wenzao, wanapita. "Na haya ni hivyo hivyo, mama. Pulizia shina, chonga hasogei."

Ya misonobari ni kweli. Lakini wale wanaingilia kwenye gome! Chonga anaruka usiku, anatoboa kileleni, kwenye makwapa ya makuti machanga. Shina la nini? Wala hakuniuliza kama nina lundo la samadi au gogo linalooza, ndiko wanakozaliana. Wala hakusema mafuta hayashikani na maji bila sabuni. Bomba langu likatoa maji matupu, mwishoni likatema mafuta mazito, yakaunguza mchicha wa jirani.

Nikarudi dukani kwa upole kabisa. Hata kuniamkia hakuniamkia. Mbele ya wateja akanijibu, "Kwani nilikulazimisha kununua? Si usome chupani!" Kibandiko chenyewe kimelowa mafuta, huoni hata herufi moja. Umri wangu ni wa mama yake. Nilitoka pale nikitetemeka.

Aliyenisaidia ni mzee mkwezi wa hapa mtaani. Alipanda, akawachokonoa chonga kwa waya, akamimina kileleni mchanga uliochanganywa na unga wa mbegu za mwarobaini. Mafuta yaliyobaki tukayakoroga na sabuni ya maji, tukapulizia huko huko juu, jioni, maana jua linaiua dawa hii upesi. Tukawa tunarudia kila baada ya siku chache. Na nisimdhulumu mtu: minazi sita sasa inafungua makuti mazima. Kwa hiyo mafuta yanafaa, tena nilishaamua kuyapa nyota nne.

Juzi mzee akapanda ule wa kisimani. Kuti la katikati likachomoka mkononi mwake, limeoza, linanuka. Moyo ukishaoza, mnazi umekwisha. Ndio ule baba alikuwa akituangulia madafu tukitoka shule. Zile wiki nilizokuwa naosha shina, chonga alikuwa juu anakula.

Nyota moja. Mafuta nitanunua tena, nimempata mama mmoja Mbagala anakamua mwenyewe, na kabla hajapokea hela aliniuliza, "Mnazi wako una urefu gani, na nani atakupandia?"