Uzoefu Wangu wa Kuhamishia Leseni ya Windows Pro kwenye Kompyuta Mpya

Leseni ya Windows 10 Pro niliyoinunua ikiwa ndani ya kasha lake mwaka 2017 leo inaendesha Windows 11 Pro kwenye kompyuta mpakato mpya, na uhamisho huo haukunigharimu chochote zaidi ya muda. Naandika haya kwa sababu wengi ninaofanya nao kazi wanaamini kwamba kompyuta ikishachoka leseni yake imekufa nayo, ilhali wengine wanaamini kwamba leseni yoyote iliyolipiwa inaweza kubebwa kokote. Kila upande una ukweli wake kwa leseni za aina fulani, na ni aina hiyo, kuliko ustadi wa fundi, inayoamua kama kazi itakwisha kwa dakika chache au haitawezekana kabisa.

Mimi nilihama kwa lazima. Kompyuta yangu ya mezani, niliyoundiwa na fundi, ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, wakati Windows 11 inadai, kwa prosesa za Intel na isipokuwa chache mno, kizazi cha 8 na kuendelea pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kuwa ninatunza hesabu za watu wengine sikutaka kuendelea kufanya kazi kwenye mfumo usiopata masasisho ya usalama ya kawaida. Nilichagua kompyuta mpakato kwa sababu ya betri tu: umeme ukikatika, kazi haipotei katikati. Ila ilikuja na toleo la Home, nami nahitaji Pro, kwa maana mashine hii hubaki ofisini na mimi huingia ndani yake kwa mbali nikiwa nyumbani, jambo ambalo Home hailiruhusu kwa zana za Windows yenyewe. Kupandisha toleo kutoka Home hadi Pro katika duka la Microsoft huuzwa dola 99 za Marekani, na leseni kamili ya Pro dola 199. Nikiwa na leseni ya Pro kabatini, sikuona sababu ya kulipa tena.

Kuna makundi matatu ambayo mtumiaji wa kawaida anapaswa kuyatofautisha. Leseni ya rejareja, ile inayouzwa peke yake kwenye kasha au mtandaoni, ni haki ya mnunuzi, naye anaweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingine aliyonayo, ili mradi isitumike kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Leseni ya OEM, inayokuja ndani ya kompyuta kutoka kiwandani, imefungwa na kompyuta ile ya kwanza. Ukiiuza kompyuta, leseni inakwenda nayo, na madabodi (ubao mkuu wa ndani ya kompyuta) ikifa, kwa kawaida leseni imekwisha. Kundi la tatu ni leseni za jumla za makampuni, vyuo na idara za serikali, ambazo si mali ya mfanyakazi hata kama ndizo zilizowekwa kwenye kompyuta aliyopewa.

Ili kujua uko kundi lipi, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike slmgr /dli. Kisanduku kidogo kitatokea kikionyesha jina la toleo, njia ambayo leseni ilipitia, na herufi tano za mwisho za ufunguo wa bidhaa. Yangu ilisema RETAIL, yaani rejareja, na herufi tano zilifanana na zile za kwenye kadi iliyokuwa ndani ya kasha. Kompyuta za kiwandani kwa kawaida husema OEM_DM, na za makampuni huanza na neno VOLUME. Hapa ndipo ningewaomba wasomaji wasimame kidogo, kwa sababu neno RETAIL peke yake halitoshi. Wale waliopandishwa bure kutoka Windows 7 au 8 kwenda Windows 10, mpango uliotangazwa mwaka 2015, wataona neno hilohilo hata kama kompyuta yao ilitoka kiwandani na leseni ya OEM, lakini herufi tano za mwisho zitakuwa 3V66T kwa toleo la Pro au 8HVX7 kwa toleo la Home. Huo ni ufunguo wa jumla ambao mamilioni ya kompyuta duniani zinao. Haki yenyewe imehifadhiwa kwenye seva za Microsoft kwa kulinganishwa na vifaa vya kompyuta husika, kwa hiyo kuunakili ufunguo huo na kuupeleka kwenye kompyuta mpya hakukupi kitu. Jirani yangu wa ofisi aliunakili kwenye daftari kwa uangalifu mkubwa, na nilisikitika kumweleza kwamba ameandika kitu ambacho kila mtu anacho.

Baada ya kuhakikisha, niliiondoa leseni kwenye kompyuta ya zamani. Amri ya slmgr /upk huuondoa ufunguo, na slmgr /cpky huufuta kwenye sajili ya mfumo ili programu nyingine isiweze kuusoma. Ieleweke kwamba amri hizi hazipeleki taarifa yoyote kwenye seva. Windows haina kitufe cha kuirudisha leseni kwa mwenye mali kama zilivyo programu kadhaa za kulipia. Unachofanya ni kutimiza sharti la kutotumia leseni moja mahali pawili, na seva itatambua yenyewe kwamba ufunguo umejitokeza kwenye vifaa vingine. Kwa maoni yangu, kitufe hicho kingeondoa nusu ya maswali ambayo watu huyapeleka kwa mafundi.

Kwenye kompyuta mpya, kabla ya kugusa chochote, nilihifadhi nakala ya ufunguo wa urejeshaji wa diski, ule wenye tarakimu 48, kwa sababu kompyuta nyingi mpya husimba diski zenyewe, yaani huzifunga data zisisomeke bila ufunguo, mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Kisha nilifungua Mipangilio, nikaenda sehemu ya Mfumo, nikaingia kwenye uamilishaji (activation, yaani kuthibitisha leseni) na kuchagua kubadilisha ufunguo wa bidhaa. Niliandika herufi zote 25. Kompyuta ilitambua kwamba ni ufunguo wa Pro, ikaomba ruhusa ya kubadilisha toleo, ikajizima na kuwaka tena. Mafaili yangu yote na programu za hesabu zilibaki mahali pake. Ufunguo wa Windows 10 unakubaliwa na Windows 11 mradi toleo lifanane, Pro kwa Pro na Home kwa Home, na uamilishaji ulikamilika kwa intaneti bila mimi kuzungumza na mtu yeyote. Ufunguo wa Home uliokuja na kompyuta haukupotea, kwa kuwa umeandikwa ndani ya madabodi, kama watengenezaji wakubwa walivyoanza kufanya tangu Windows 8 mwaka 2012. Siku nikiihamisha Pro kwenda kwingine na kuweka mfumo upya, Home itajiamilisha yenyewe.

Uhamisho wa awali wa leseni hiihii haukuwa mwepesi hivyo. Miaka michache baada ya kuinunua, madabodi ya kompyuta ya mezani iliungua umeme uliporudi kwa kishindo, na baada ya fundi kuweka nyingine Windows ilijiona iko kwenye mashine isiyoifahamu. Niliandika slui 4, amri ya kuamilisha kwa simu, nikachagua nchi, nikapewa namba ya simu na makundi tisa ya tarakimu saba kila moja. Tarakimu 63 hizo niliziingiza kwa vibonyezo vya simu huku sauti iliyorekodiwa ikiningoja, halafu nikasomewa makundi manane ya tarakimu sita ambayo niliyaandika kwenye kompyuta. Ilinichosha, na salio la simu lilipungua, lakini mwisho wake ulikuwa mzuri, na tangu hapo niliiunganisha leseni na akaunti yangu ya Microsoft, jambo lililowezekana tangu toleo la 1607 la Windows 10, la Agosti 2016. Ukifanya hivyo na ukabadilisha kifaa kikubwa kama madabodi, unaingia kwenye kitatuzi cha matatizo ya uamilishaji na kueleza kwamba umebadilisha vifaa, kisha unaichagua kompyuta yako kwenye orodha. Akaunti, hata hivyo, haibadilishi aina ya leseni: leseni ya OEM haigeuki kuwa ya rejareja kwa kuunganishwa na barua pepe.

Wapo wanaodhani njia ya mkato ni kuichomoa diski ya zamani na kuichomeka kwenye kompyuta mpya. Mfumo unaweza kuwaka, lakini leseni iliyohifadhiwa kwa vifaa vya zamani haitaitambua madabodi mpya, na kama diski ilisimbwa utaombwa zile tarakimu 48 kabla ya kuona chochote.

Kuhusu soko letu, nitasema wazi. Duka moja nililopita lilikuwa tayari kuniuzia ufunguo wa Pro kwa bei ya chakula cha mchana, likiapa kwamba ni wa maisha. Ufunguo wa bei hiyo mara nyingi umechukuliwa kwenye leseni ya jumla ya kampuni fulani, na ukishafungiwa hakuna pa kulalamika. Nyingine si ufunguo hata kidogo, bali ni kiprogramu kinachoigiza seva ambayo kampuni hutumia kuamilisha leseni zake za jumla. Uamilishaji wa aina hiyo hudumu siku 180 na huhitaji kuhuishwa, ndiyo maana amri ya slmgr /xpr itakuonyesha tarehe ya kuisha badala ya kusema kwamba uamilishaji ni wa kudumu. Mnunuzi wa kompyuta za mtumba kutoka Ulaya au Dubai aipige amri hiyo mbele ya muuzaji kabla hajatoa fedha. Tena, nyingi ya kompyuta hizo zina ufunguo halali wa OEM ndani ya madabodi, na mtu hana haja ya kununua chochote, isipokuwa fundi awe amekwisha weka toleo lisilolingana na ufunguo huo. Walioko Ulaya wana hali tofauti kidogo, kwa kuwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, kwamba leseni ya programu iliyouzwa kwa matumizi yasiyo na kikomo inaweza kuuzwa tena, ikiwa muuzaji ameacha kuitumia nakala yake.

Kompyuta ya mezani sasa inaendesha Linux Mint, mfumo wa bure usio wa Microsoft, na watoto wanaitumia kwa masomo bila kulalamika, ingawa printa ilinisumbua kidogo.

Je, ningenunua tena leseni ya rejareja? Kwa kompyuta ya mezani ya kuundiwa, ndiyo, kwa sababu mashine ya namna hiyo hubadilishwa kipande kwa kipande na leseni inapaswa kuifuata. Kwa mtu anayenunua kompyuta mpakato yenye Windows ndani yake na kutosheka na toleo lililomo, hapana. Dola 199 zikaongeze RAM. Kilichobaki kwangu ni haki moja ambayo sijaitumia: masharti ya leseni yanamruhusu mwenye leseni wa kwanza kuihamishia kwa mtu mwingine, mradi anayepokea ayakubali masharti hayo. Anayetaka kuyasoma yanayohusu kompyuta yake aandike winver, na kiungo chake kiko chini ya dirisha litakalofunguka.