Miezi minane na kitochi: uzoefu wangu

Mwezi Mei mwaka jana simu yangu janja ilidondoka kwenye ngazi za daladala pale Mbezi Mwisho, kioo kikapasuka vipande. Fundi akaniambia kioo cha aina ile hana, kinaagizwa, nisubiri wiki mbili. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kitochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, cha laini mbili kwa shilingi 35,000 ili watu waendelee kunipata. Kioo kilikuja, fundi akakiweka, simu ikapona. Lakini laini zangu zote mbili zimebaki kwenye kitochi, na juzi imetimia miezi minane.

Kazi yangu ni kompyuta tangu mwaka 2002. Nilianza kwa kuhudumia wateja kwenye intaneti kafe, nikaenda kwenye mifumo ya kutuma ujumbe mfupi kwa wingi, na sasa ni zaidi ya miaka kumi naunganisha mifumo ya malipo kwa simu. Zile menyu unazozifungua kwa nyota na reli, kadhaa nimeziandika mimi. Ila sikuwahi kuishi nazo kama mteja hata siku mbili mfululizo. Nilizijaribu kwenye simu ya ofisini, mtandao ukiwa mzuri, umeme upo, nimekaa kwenye kiti. Ndiyo maana nimeona niandike.

Nianze na chombo chenyewe. Betri ni ya miliampia 1,000, ya kuchomoa, aina ya BL-5C ambayo karibu kila duka la simu nchini wanayo, na ukiikosa unaitoa kwenye redio ndogo ya memori kadi. Nachaji Jumapili usiku, Ijumaa jioni bado kimebaki kimstari kimoja. Mtu aliyezoea kuzunguka na chaja mfukoni huwezi kumweleza raha hiyo akakuelewa mpaka aionje. Tochi iko kichwani na inawaka kwa kitufe kimoja, hata mikono ikiwa na maji. Nokia walipotoa ile 1100 mwaka 2003, yenye tochi na vitufe vilivyofunikwa kwa mpira mmoja ili vumbi lisipite, waliuza zaidi ya simu milioni 250. Wakenya simu za namna hiyo wakaziita mulika mwizi, sisi tukaziita vitochi, na jina limebaki hata pale kampuni zilipobadilika. Redio ya FM ipo ndani, haili bando, na ndiyo inayonifikisha Posta asubuhi barabara ikiwa imeganda. Sauti ya kupiga na kupokea ni safi kuliko nilivyotarajia.

Kuandika ndiko kunakochosha. Neno "mzuri" peke yake ni mabonyezo 13; nilihesabu nikiwa kwenye foleni. Matokeo yake naandika kifupi, na jambo likizidi sentensi mbili napiga. Dada yangu alifurahi sana. Anasema kwa miaka mingi alikuwa anapata vidole gumba na nyuso za kucheka kutoka kwangu, sasa anapata sauti ya kaka yake.

Hayo ni ya simu. Kilichonikalia moyoni ni kingine, na kilitokea Julai nilipokwenda Muheza kumwona mama.

Nilisimama kwa wakala kutoa hela. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye kitochi kama changu, ila chake namba zilishafutika kwenye vitufe. Alikuwa analipa ada ya mjukuu kwa kumbukumbu namba aliyoiandika kwenye karatasi ya daftari. Akaingiza namba pole pole, akarudia kuisoma, akaingiza kiasi, akaingiza namba ya siri huku amekiziba kioo kwa kiganja. Kioo kikaganda kidogo, halafu menyu ikatoweka. Hakuna neno lililotokea. Akaangalia simu, akamwangalia dada wa uwakala, halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu, hela imeenda au haijaenda?"

Mimi ninajua hasa kinachotokea pale. Menyu ya nyota na reli haihitaji bando kwa sababu inapita kwenye njia ileile ya ishara ambayo mtandao unaitumia kupanga simu zako. Ni mazungumzo ya papo kwa papo: kila ukurasa una nafasi ya herufi 182 tu, na muda wake ukiisha hakuna kinachobaki kwenye simu. Mfumo wa malipo kule nyuma unaweza kuwa umeshamaliza kazi yake, ukachelewa sekunde chache tu kuleta jibu. Ofisini jambo hilo ni mstari mmoja kwenye kumbukumbu za seva. Tunauita muda umeisha, tunasogea. Pale Muheza ulikuwa ni mzee aliyeshika karatasi ya daftari, hajui kama arudie kulipa na kupoteza ada mara mbili, au asirudie na mtoto arudishwe nyumbani.

Nikamwomba simu. Ujumbe wa uthibitisho haukuwepo. Nikataka kumwambia tusubiri kidogo, ndipo nikaona juu ya kioo kibahasha kinapepesa. Nafasi ya ujumbe imejaa. Kitochi kinahifadhi ujumbe kwa idadi, na kikijaa kinakataa mpya mpaka ufute. Nikafungua, na ninachokieleza hapa ndicho nilichokiona: bahati nasibu, ofa ya bando, ubashiri wa mpira, ofa ya bando tena, mkopo wa dakika mbili, na katikati yao ujumbe mmoja wa binti yake wa mwezi wa tatu ambao hakutaka niufute. Nilipofuta matangazo manne ya kwanza, simu ikalia. Malipo yamekamilika. Mzee akashukuru, akaweka simu kwenye mfuko wa shati, akaenda zake.

Tangu siku ile siwezi kuliangalia tangazo la ujumbe mfupi kwa jicho la zamani. Kwenye simu janja ni kero ya kupangusa kwa kidole. Kwenye kitochi linakalia nafasi ya risiti. Nami nimewahi kuandika programu za kurusha matangazo hayo, laki kwa laki usiku mmoja, na katika vikao vyote nilivyokaa hakuna aliyewahi kuuliza huyu mpokeaji ana nafasi ya ujumbe mingapi.

Kuna jingine la ujumbe mfupi ambalo nilikuwa nalijua kwa kichwa, kitochi kikanifanya nilijue kwa vidole. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Kiwango hicho kilitokana na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 alikaa na mashine yake ya kupiga chapa, akaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi zake. Kiswahili kimebahatika hapo, kwa kuwa herufi zetu hazina vidoti wala vikofia. Zote zinaingia kwenye orodha ndogo ya alama ambazo ujumbe mfupi ulianza nazo. Ila ukiingiza alama moja isiyokuwemo, ujumbe mzima unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Miaka ya nyuma tulikuwa tunawatumia wafugaji wa maziwa mkoani Tanga taarifa za chanjo. Bili ya mwezi ikaja mara mbili ya tuliyoizoea. Tulihangaika siku tatu. Mwisho nikagundua aliyeandaa maneno aliyaandika kwanza kwenye programu ya kuandikia barua, na ile programu ikaikunja alama ya juu kwenye neno ng'ombe. Alama iliyonyooka imo kwenye orodha, iliyopinda haimo. Ujumbe wa herufi 130 ukawa unakwenda sehemu mbili mbili, kwa ajili ya ng'ombe. Kwenye simu za wafugaji wengine palitokea kiboksi katikati ya neno. Leo hii kila ujumbe unaotoka kwangu unapita kwanza kwenye kipande cha programu kinachonyoosha alama hiyo, na kijana yeyote anayeanza kazi namwonyesha kwa nini.

Na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hili ningependa walielewe wote wanaotengeneza risiti. Mwaka 2024 mita za luku zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, mama alinipigia kwa uchungu: amenunua umeme, ameletewa makundi matatu ya namba 20, na mita inamkatalia. Mimi nilikuwa naielewa sababu na nilikuwa tayari kumweleza. Mita za mfumo ule duniani kote zilihesabu dakika kuanzia mwaka 1993 kwa biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri na moja, na biti 24 zinaishia kwenye dakika milioni 16.7, ambazo zilikuwa zinatimia tarehe hiyo ya 24 Novemba. Mama akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nataka taa." Nikamwambia aingize pole pole. Nilidhani nimemsaidia.

Sasa nina kitochi na nimeingiza luku kwa kitochi. Taa ya kioo inazima baada ya sekunde chache. Unasoma tarakimu nne, unainua macho kwenye mita, unabonyeza, unarudi kwenye simu, kioo cheusi. Unabonyeza kiwake, unatafuta ulipoishia. Kama namba imeandikwa kwa mafungu ya nne nne, unapaona. Kama imeandikwa tarakimu 20 mfululizo, unapotea, na ukikosea moja unaanza upya. Mama alifanya hivyo kwa makundi matatu, tarakimu 60, jioni, mwenye miwani iliyopitwa na macho yake, hadi mtoto wa jirani akaja kumsomea. Nilimpigia kumwomba radhi mwaka mzima baadaye. Nafasi nne tu ndani ya ujumbe, ambazo hazigharimu chochote, zingempunguzia nusu ya taabu ile.

Yanayokosekana ni mengi na sitayaficha. Ramani haipo, na mara mbili nimezunguka Goba nikitafuta nyumba ya msiba. Picha ya mtoto wa mdogo wangu niliiona siku ya pili, wenzangu wote wameshaiona. Kamati ya harusi ilihamia kwenye kundi la WhatsApp kama ilivyo kawaida, na mtunza hazina, Mungu ambariki, akawa ananitumia ujumbe wa kawaida kila baada ya kikao. Kwa hiyo simu janja haikutupwa. Iko nyumbani kwenye droo, haina laini, inatumia waifai, naifungua jioni. WhatsApp ya kwenye kompyuta inakutoa ikiwa simu yenyewe haijafunguliwa siku 14, na programu ya kutoa namba za uthibitisho wa kazini haiwezi kukaa kwenye kitochi. Mtu asiye na simu ya pili ataumia hapo.

Kwenye usalama pia nina neno. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaingia kama kawaida, kitochi changu hakina chujio. Ninachofanya ni kuutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha naufuta. Na ujumbe mfupi wenyewe haufichwi kama ule wa WhatsApp. Mtu wa ndani ya kampuni ya simu anaweza kuusoma. Siandiki namba ya siri wala jambo la siri humo.

Kitu kimoja sikukitegemea: zamu za usiku zimekuwa nyepesi. Seva zetu zikipata shida zinanitumia ujumbe kupitia Kannel, programu huria ya tangu mwaka 1999 ambayo bado inafanya kazi yake bila malalamiko. Zamani ujumbe huo ulizama katikati ya vikumbusho vya mitandao ya kijamii. Sasa kitochi kikilia saa nane usiku, najua ni seva au ni nyumbani, na vyote viwili vinastahili niamke.

Ofisini nimeweka vitochi vitatu kwenye meza ya majaribio, na hakuna menyu inayokwenda kwa wateja kabla haijapitishwa humo. Tumebadilisha mawili makubwa. Mtu akirudia kulipa kiasi kilekile kwa namba ileile ndani ya muda mfupi, menyu inamwambia: umeshalipa kiasi hiki dakika nne zilizopita, ulipe tena? Na ukifungua menyu baada ya kukatika, mstari wa kwanza unakwambia malipo yako ya mwisho yaliishia wapi, bila kusubiri ujumbe wowote. Yalikuwa yanawezekana siku zote.

Kwa anayetaka kununua: bonyeza vitufe vyote 12 hapo hapo dukani, hasa nyota na reli, maana ndivyo utakavyovitumia kuliko vyote. Weka laini yako, piga menyu ya salio, usiridhike na kuwaka tu. Hakikisha betri ni ya kuchomoa. Kama unasafiri sana nje chukua kitochi cha 4G, kwa kuwa nchi kama Singapore zilizima 2G, mtandao wa zamani ambao kitochi cha kawaida kinautegemea, tangu 2017, na huko kitakuwa tochi tu. Ongeza muda wa taa ya kioo kwenye mipangilio siku hiyo hiyo. Na Ijumaa ukiwa unasubiri gari, futa matangazo yote, ubakize nafasi ya ujumbe wa malipo.